Usiku wa wazee wetu: walilala saa ngapi?

Kuko neno moja ambalo linarudi kila mara tukikaa na kuzungumza juu ya afya: «Wazee wetu walikuwa na nguvu sababu walilala mapema. Jua likizama, wamelala. Jogoo akiwika, wameamka.» Nimelisikia kanisani, nimelisikia kwenye karamu za ndoa, na mimi mwenyewe nimelifundisha darasani, chaki mkononi, bila kujiuliza kama ni kweli. Siku ile somo lilikuwa la afya, na kitabu kilisema mtu mzima anahitaji saa nane za usingizi. Mwanafunzi mmoja wa benchi la nyuma akainua mkono: «Mwalimu, na wale wanaovua ndagala, hizo saa nane wanazipata wapi?» Darasa likacheka. Mimi sikuwa na jibu.

Tangu pale nimeuliza wazee wa upande wa Mutambala na wa Ngandja, nimeuliza wavuvi, nimesoma kidogo. Mzee mmoja nilipomuuliza walikuwa wanalala saa ngapi, alinitazama kama mtoto. «Saa ngapi? Nani alikuwa na saa?»

Basi tuanze na hesabu nyepesi. Sisi hapa Baraka tuko digrii nne hivi kusini mwa ikweta. Usiku wetu ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Kati ya kiangazi na masika tofauti ni dakika chache tu. Kama wazee walilala jua linapozama na kuamka linapochomoza, basi walilala saa kumi na mbili kila siku. Hakuna mtu mzima mwenye afya anayefanya hivyo. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walipendekeza saa 7 mpaka 9 kwa mtu mzima, na saa 8 mpaka 10 kwa kijana wa miaka 14 mpaka 17. Zinabaki saa tatu, nne, hata tano za giza ambazo mtu alikuwa macho. Historia ya usingizi wetu, kwa maoni yangu, imefichwa ndani ya saa hizo.

Sehemu ya kwanza tunaijua wote. Ni ile ya moto. Kwa Babembe, katikati ya kijiji palikuwa lubunga, nyumba ya wanaume, mahali pa kula pamoja, pa kukata maneno, pa kumfundisha kijana adabu na majina ya mababu. Mchana watu walikuwa shambani au porini. Kwa hiyo maneno mengi ya lubunga yalikuwa maneno ya jioni na ya usiku. Mtoto wa kiume aliketi karibu na baba yake mpaka macho yanafunga yenyewe, na hakuna aliyemwambia «nenda ulale». Alilala palepale, akabebwa. Jikoni, bibi naye alikuwa na moto wake na hadithi zake, na mabinti walisikiliza huku wakitoa maganda ya mihogo. Wengi waliokulia vijijini kabla ya vita watakubali: hadithi ya mchana ilikatazwa, ya usiku ilikuwa shule.

Kisha watu wanalala. Lakini hata hapo usiku haukuwa kipande kimoja. Huko juu, kuelekea Itombwe, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na moto ukizima mtu anaamka kuuchochea, awe anataka au hataki. Wakati wa mavuno mmoja wa familia alilala kwenye kibanda cha shambani juu ya nguruwe pori, na kulala pale maana yake ni kusikiliza. Mama mwenye mtoto mchanga anajua mwenyewe. Wazee, wao, walikuwa wanaamka kabla ya jogoo wa kwanza, wanakohoa, wanaongea wawili wawili katika giza mambo ambayo mchana hayaongeleki. Mwenzangu mmoja anasema ndoa nyingi za ukoo wao zilipangwa saa ile. Namuamini.

Kumbe si sisi peke yetu. Mwaka 2001 Mmarekani mmoja, profesa wa historia anayeitwa Roger Ekirch, alitoa makala, na mwaka 2005 kitabu kizima, juu ya usiku wa zamani huko Ulaya. Katika karatasi za mahakama, barua na vitabu vya sala alikuta watu wakitaja «usingizi wa kwanza» na «usingizi wa pili». Walilala, wakaamka katikati ya usiku saa moja au zaidi, wakasali, wakaongea, wakachungulia mifugo, kisha wakarudi kulala. Wakati huo hakuna aliyeita jambo hilo ugonjwa. Leo mtu akiamka saa nane ya usiku anakimbilia farmasi kununua kidonge.

Lakini tusikimbilie kusema kila mtu wa zamani alilala mara mbili. Karibu na sisi, Tanzania, upande wa ziwa Eyasi, wako Wahadza wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Mwaka 2015 Jerome Siegel na wenzake walichapa utafiti juu ya Wahadza hao, pamoja na Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia. Waliwavalisha watu saa zinazopima mwendo wa mwili. Wastani wa usingizi ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1. Hawakulala jua likizama: walikaa zaidi ya saa tatu gizani kwanza. Na wengi walilala mara moja tu. Watu wasio na umeme, wasio na televizyo, na bado hawafiki saa nane! Ndipo niliona aibu juu ya somo langu.

Utafiti uliokuja nyuma, mwaka 2017, ndio ulionigusa zaidi. Wahadza 33 wa mahali pamoja walipimwa kwa siku 20. Katika saa zaidi ya 220 za usiku, wakati ambapo wote walikuwa wamelala usingizi kwa pamoja haukufika nusu saa: zilikuwa dakika 18, zote zikijumlishwa. Kila wakati kulikuwa na mmoja anayegeuka, mmoja anayevuta tumbaku, mzee aliyeamka mapema, kijana ambaye bado hajalala. Hakuna aliyewapanga zamu. Umri wenyewe uliwapanga. Watafiti wanaona hiyo ndiyo ilikuwa kinga ya binadamu wa zamani: mmoja yuko macho, wengine wanaweza kulala kwa nguvu.

Niliposoma hivyo nilikumbuka yule mzee anayekohoa saa tisa ya usiku. Sisi watoto tulifikiri ni uzee unamsumbua. Kumbe tulikuwa tunalala vizuri sababu yeye anakohoa.

Tukija kwenye ziwa, mambo yanakuwa makubwa zaidi. Kwa mvuvi wa Mboko, wa Swima, wa Kazimia au wa Ubwari, usiku ni shamba. Ndagala inafuata mwangaza. Bila giza hakuna ndagala. Zamani waliwasha miti na matete mbele ya mtumbwi na kuchota kwa lusenga. Kuanzia miaka ya 1950 zilienea taa za presha na nyavu za kuinua kati ya mitumbwi iliyofungwa pamoja. Na kuanzia miaka ya 2010 zimeingia taa za betri na za jua. Chombo kimebadilika, usingizi haukubadilika: mvuvi anaondoka jua likizama, anarudi alfajiri, na mama wanaonunua na kuanika wanamngoja kwenye mchanga tangu saa kumi na moja. Analala mchana, nyumba ikiwa na kelele na bati likiwa kama jiko.

Ila mvuvi ana bwana mwingine, naye ni mwezi. Mwezi ukijaa, mwangaza wake unashinda taa, ndagala haikusanyiki, na kwa wiki moja hivi mitumbwi inapumzika. Hapo ndipo mvuvi analala usiku kama watu wengine, anashona nyavu, anamaliza kesi zake, anaoa. Ukimuuliza analala saa ngapi kwa siku, umeuliza vibaya. Uliza kwa mwezi. Ni kalenda iliyo kamili, na inashangaza kwamba katika vitabu vyetu vya masomo haimo hata mstari mmoja.

Juu ya hayo ilikuja kengele. Kengele ya misioni, kengele ya masomo, filimbi ya kapita kwenye kazi za barabara. Wakati wa Wabelgiji mtu alianza kuhesabiwa asubuhi, na aliyechelewa alikuwa mvivu. Wazungu wengi waliandika kwamba mweusi analala mchana. Ni kweli walimkuta amelala. Hawakumwona usiku ule aliokesha ziwani au kwenye kibanda cha mihogo. Waislamu wetu wa Baraka walikuwa na hesabu nyingine tena tangu siku za biashara ya pwani: adhana ya alfajiri, daku ya Ramadhani, na usingizi mfupi wa adhuhuri ambao kwao si uvivu bali ni desturi njema. Na kilio ni cha wote, Mwislamu na Mkristo: mtu akifa, jirani hulala nje ya nyumba ya wafiwa, kwenye mkeka, ili wenye msiba wafunge macho kidogo. Pale pia utaona kanuni ileile. Mmoja anakesha ili mwingine alale.

Hiyo kanuni ndiyo vita ilivunja, na hapa naomba msomaji anivumilie, sababu si jambo la kuandika haraka.

Wakubwa wetu walikwisha kuionja katika uasi wa 1964 na 1965, ule ambao Che Guevara alivuka ziwa kuufikia pale Kibamba. Walilala porini, moto umezimwa, watoto wamezibwa midomo. Kizazi changu kiliionja tangu 1996. Jioni tuliacha nyumba wazi na kupanda na mikeka mpaka mashambani; asubuhi tulishuka kuangalia kama nyumba bado iko. Tulilala na viatu. Baada ya mauaji ya Makobola, mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, hata waliokuwa wamebaki nyumbani waliacha kuziamini. Wengi wakavuka mpaka Kigoma, wakafika kambi ya Nyarugusu.

Tazama tofauti. Katika kijiji cha zamani mzee mmoja alikuwa macho na hamsini wamelala. Wakati wa vita hamsini wote wako macho, na akilala mmoja ni juu ya kuchoka kupita kiasi. Kukohoa kwa mzee, kulikokuwa kinga, kukawa hatari. Niliona mzee akitiwa nguo mdomoni na mwana wake mwenyewe, wote wawili wakilia. Mama yangu mdogo aliniambia kwamba Nyarugusu, chini ya hema ya plastiki, wiki ya kwanza hakulala hata kidogo. Si kwa woga. Palikuwa kimya, naye alikuwa amesahau kimya kinafanana na nini.

Mpaka leo salamu yetu ya asubuhi ni «Mulilala muzuri?» Hatuulizi kwanza kama umekula. Wageni wanaifikiri ni adabu tu. Katika Fizi ni swali la kweli, na kuna asubuhi ambazo jibu lake ndilo habari ya kijiji kizima.

Nirudi darasani. Nilipoanza kazi, kulikuwa na kijana wa mwaka wa nne aliyesinzia kila siku saa ya kwanza. Masomo yetu yanaanza saa moja na nusu. Mara ya tatu nilimtoa nje, akapiga magoti kwenye jua mbele ya wenzake, na nikamwita kwa jina ambalo sitaki kuliandika hapa. Hakujitetea. Wiki mbili baadaye ndipo jirani yao aliniambia baba yake alikufa ziwani, na mtoto alikuwa ameshika nafasi yake kwenye mtumbwi. Anatoka majini, ananawa uso, anakuja kwangu. Nilikwenda kwao. Niliomba radhi, na kwa mwalimu wa desturi yetu si kazi nyepesi. Mama yake alicheka: «Mwalimu, weye nawe uko na masomo ya kusoma.»

Tulikubaliana jambo dogo. Siku za giza akae benchi la nyuma, na kama amesinzia, mwenzake amwandikie. Siku za mwezi mkubwa alikaa mbele, na pale nilimwona alikuwa mtoto wa namna gani: mwepesi wa hesabu, mkaidi, mcheshi. Nikaanza kuweka kazi ngumu za darasa zima katika wiki ile. Mkubwa wa masomo aliuliza juu ya nini naangalia mwezi kama mwanamke anayehesabu mimba. Sikumjibu.

Alipata diploma yake ya serikali mara ya pili. Leo ana mtumbwi wake, taa zake za betri, na watoto wawili. Nikipita kwao asubuhi kwenda kazini, mke wake yuko anaanika ndagala mbele ya nyumba. Ananisalimia kwa mkono tu, kisha anaweka kidole mdomoni na kunionyesha dirisha.