Jarida la Jinsia na Sheria: Istilahi na Mjane wa Kisukuma

Mwaka 2006, jarida linalohaririwa na wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, lilichapa makala ndefu ya Tamar Ezer kuhusu sheria ya mirathi ya Tanzania na namna inavyowafukarisha wajane na mabinti. Katika juzuu hilohilo la saba kulikuwa na makala nyingine, ya ndoa za utotoni nchini humo. Kwa Kiswahili, jina la jarida hilo ni Jarida la Jinsia na Sheria. Ni jina jepesi kutamka, ila maneno yake mawili yanadai maelezo.

Tuanze na jarida. Katika fani nyingi, makala ya kitaaluma husomwa kwanza na wabobezi wa fani hiyo, ndipo ichapwe. Kwa sheria, Marekani imeshika njia yake: tangu Harvard Law Review lianze mwaka 1887, wanafunzi ndio wanaochagua makala, wanaobishana na mwandishi na wanaokagua kila tanbihi kwa kurudi kwenye chanzo chake. Ukisema “jarida la wanafunzi” tu, msomaji atafikiria kijarida cha picha za mahafali. Afadhali kusema “jarida la kitaaluma linalohaririwa na wanafunzi”; ni refu, lakini halipotoshi. Wala Dar es Salaam si mgeni wa jambo hili. Wanafunzi wa sheria wa Denning Law Society walikuwa na jarida lao miaka ya 1960.

Jinsia ndiyo yenye mzigo. Kwenye fomu ya zahanati ni kisanduku cha Me au Ke. Kwenye Dawati la Jinsia la polisi, wengi husikia “dawati la wanawake”. Baadhi ya wataalamu hutenganisha: jinsi ni maumbile ya mwili, jinsia ni nafasi, haki na wajibu ambavyo jamii humpa mtu kwa sababu ya maumbile hayo. Neno liliingia katika ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania kwa mabadiliko ya mwaka 2000, likiwa miongoni mwa misingi ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo. Hata wahariri wa Harvard walipitia safari kama hiyo: jarida lao la sheria na wanawake, lililoanza miaka ya 1970, lilibadilishwa jina mwaka 2005 likawa la sheria na jinsia. Walikuwa na sababu nzuri, na sababu hiyo inaonekana wazi zaidi Usukumani kuliko Marekani.

Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 liliziandika mila za urithi za jamii zinazofuata ukoo wa baba. Kanuni yake ya 27 inasema mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama naye alivyowatunza. Warithi wamepangwa kwa daraja: mtoto wa kiume wa kwanza juu, wenzake wa kiume chini yake, mabinti mwisho. Tazama vizuri: kanuni haimgusi mwanamke peke yake. Inampangia kaka mkubwa, mdogo wake, shemeji na mama, kila mmoja na mahali pake. Mpango huo wote ndio unaoitwa jinsia.

Mwaka 2005 wajane wawili wa Kisukuma walipinga kanuni hizo Mahakama Kuu, wakisaidiwa na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake. Mwaka uliofuata Mahakama ilikiri kwamba mila hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Rufaa ilikwama mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao.

Huko Geita jambo hili lina bei. Wachimbaji wadogo wakipata mwamba wa dhahabu katika shamba la mihogo, huchimba shimo wanaloliita duara, na mwenye shamba hupata mgawo wa mifuko ya mawe kabla hayajasagwa kwenye karasha. Mume akifa, swali la nani mwenye shamba huwa swali la nani anachukua mifuko. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Tangazo la 1963 linamwambia asubiri watoto wake. Mjane amesimama katikati ya maandishi mawili ya serikali ileile.

Wanafunzi wa Georgetown walifanya kazi ya kuheshimiwa, lakini waliifanya kwa Kiingereza na mbali. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Wanafunzi wa sheria wa Mtakatifu Agustino, Mwanza, wako karibu na Geita na Shinyanga kuliko mhariri yeyote wa Washington. Wenzao wa Mzumbe na Dar es Salaam nao wana walimu na maktaba. Waanzishe jarida la jinsia na sheria kwa Kiswahili, na toleo la kwanza lifungue kwa kanuni ya 27.