Ugomvi wa alama ya kujumlisha

Java ina zaidi ya miaka 30 tangu itangazwe hadharani Mei 1995, na inastahili pongezi inazopewa. Lakini lugha hiyo ya programu ina deni moja ambalo haijalilipa. Linahusu namba changamano, zile zenye sehemu mbili, moja halisi na nyingine ya kufikirika, kama 3 + 4i. Anayejifunza kutunga programu kwa klasi hukutana nazo mapema: tengeneza klasi, weka namba mbili ndani yake, andika kitendo cha kujumlisha na cha kuzidisha, kisha songa mbele. Likifundishwa hivyo, zoezi hilo huonekana la kunyoosha vidole tu, na hilo ni kosa. Namba changamano ndizo zilizoweka wazi swali zito kuliko yote katika ufundi huu: je, kitu alichokiunda mtumiaji kina haki sawa na kile lugha ilichozaliwa nacho?

Wazo la kuzifunga namba mbili pamoja ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1837 mwanahisabati William Rowan Hamilton wa Dublin alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba namba changamano si muujiza; ni jozi ya namba za kawaida pamoja na kanuni za kuzijumlisha na kuzizidisha. Data na kanuni zake mahali pamoja: hiyo ndiyo klasi, zaidi ya karne moja kabla neno hilo halijapata maana yake ya leo. Baadaye, katika maabara za Bell, Marekani, wahandisi wa simu walizihitaji hesabu hizi kwa wingi, na kuzidisha namba moja kwa nyingine kunadai kuzidisha mara nne, kutoa mara moja na kujumlisha mara moja. George Stibitz akabuni mashine ya rilei za simu kwa kazi hiyo. Septemba 1940 aliionyesha kwa wanahisabati waliokutana Hanover, New Hampshire: hesabu zilitumwa kwa teleprinta hadi New York ilikokuwa mashine, na majibu yakarudi kwa njia ileile. Lugha ya programu ya Fortran ilizipokea namba hizi miaka ya 1960 kama aina yake yenyewe, na Simula ya Norway ikaleta klasi mwaka 1967.

Mambo hayo mawili yalikuja kukutana katika Bell ileile. Bjarne Stroustrup, alipokuwa akiikuza C hadi ikawa C++, aliombwa mara kadhaa aruhusu alama kama + na * zipewe maana kwa vitu vya klasi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alisita kwa hofu nne: jambo hilo lilisemwa ni gumu kulitekeleza, gumu kulifundisha, linapunguza kasi, na linafanya programu zisisomeke. Alipozipima hofu hizo aliona hazina mashiko, na klasi ya namba changamano ikawa mfano wake wa kuonyeshea. Tangu hapo mhandisi aliweza kuandika z*z + c kama alivyoiandika daftarini.

Java ikakataa. Waraka wa miaka yake ya mwanzo ulioitambulisha, ambao muasisi wa Java, James Gosling, ni mmoja wa waandishi wake, ulisema kwamba matokeo yaleyale yanapatikana kwa klasi na vitendo vyake, na kwamba kuiondoa ruhusa hiyo kunarahisisha programu. Basi z*z + c ikageuka z.multiply(z).add(c). Kwa mstari mmoja hilo linavumilika. Fomyula ikiwa ndefu, mabano huifunika hesabu yenyewe. Kinachouma zaidi ni kwamba Java ilijiruhusu + kwa kuunganisha maneno, ikawanyima watumiaji wake. Aliyelisema hili kwa nguvu hakuwa mgeni. Guy Steele alikuwa mmoja wa waandishi watatu wa kitabu cha 1996 cha kanuni rasmi za Java. Oktoba 1998, huko Vancouver, alihutubia OOPSLA, mkutano wa watunzi wa programu za klasi, kwa sharti alilojiwekea: aanze na maneno ya Kiingereza ya silabi moja tu, na neno refu lolote asilitumie mpaka awe amelieleza kwanza. Mswahili anaweza kuupima ugumu huo kwa kujaribu: silabi moja inatupa ni, si, na, tu, je na mengine machache, na sentensi haifiki mbali. Wasikilizaji wake waliuona umaskini wa lugha ndogo, kisha wakaiona ikikua, kila neno jipya likitumika sawa na yale ya mwanzo. Hivyo ndivyo alivyotaka lugha ya programu ikue, mikononi mwa watumiaji wake, na namba changamano zilikuwa miongoni mwa mifano yake.

Wanaotetea uamuzi wa Java wana hoja zisizofaa kupuuzwa. Husema alama zikiachwa huru hutumiwa vibaya, na kweli C++ yenyewe huitumia << ya kusogeza biti kwa kuandika matokeo kwenye skrini. Lakini hata jina hupotosha: hakuna kinachomzuia mtu kukiita add kitendo kinachotoa, na hakuna aliyetaka majina yapigwe marufuku. Wengine husema lugha izipokee namba hizi yenyewe, kama Python inavyoandika 3+4j. Hilo linamaliza shida ya namba changamano na kuiacha ya vekta na namba za sehemu, kila kundi lisimame foleni mlangoni kwa wenye lugha. Hoja kwamba vitu vya klasi hupunguza kasi ndiyo nzito, ila inafichua jeraha jingine. Katika Java tengeneza 3 + 4i mara mbili, kisha uliza kwa == kama ziko sawa; jibu ni hapana, kwa sababu alama hiyo inauliza kama ni kitu kilekile, haiulizi thamani. Safu ya namba changamano milioni moja nayo ni safu ya anwani milioni moja. Anayetaka kasi huivunja klasi na kubeba safu mbili, sehemu halisi huku na ya kufikirika kule, na jozi ya Hamilton inatenganishwa.

Katika hotuba ileile Steele aliomba pia klasi zinazopokea aina nyingine kama kigezo, nazo ziliingia mwaka 2004. Aliomba klasi nyepesi, ambazo vitu vyake hushikwa kwa thamani, si kwa anwani, na mradi wa Valhalla wa kuzileta ulitangazwa mwaka 2014. Alama hazijaruhusiwa, na anayetaka z*z + c katika Java bado anaandika z.multiply(z).add(c).