Kilima cha Rabai na ugomvi wa theluji

Wagema wa Rabai huamka kabla ya jua. Kufikia saa kumi na moja na nusu wameshakwea minazi, vibuyu vikiwaning'inia, na aliye juu ya mnazi wa ukingoni hupata mwanga kabla ya jirani yake aliye bondeni. Upande wa mashariki, mkono wa bahari unaoingia kutoka Mombasa hujipinda katikati ya mikoko, na ng'ambo yake kuna kisiwa, kisha Bahari ya Hindi. Jua likichomoza, maji ndiyo yanayong'aa kwanza, halafu makuti, mwisho mabati ya nyumba.

Tarehe 25 Agosti mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 180 tangu Wajerumani wawili, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, walipokuja kukaa juu ya kilima hiki, wakitumwa na shirika la misheni la Kanisa la Uingereza. Vitabu vingi huanzia hapo, kana kwamba kabla yao palikuwa msitu mtupu. Warabai walikuwapo. Kama Wamijikenda wenzao, husimulia kwamba walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakajenga kaya zao, yaani vijiji vyenye boma, ndani ya misitu ya vilimani, mahali ambapo adui angeonekana angali mbali. Mandhari tunayoipiga picha leo ilikuwa ulinzi wao.

Yanayosimuliwa sana kuhusu kuanza kwa misheni yametoka kwa Krapf mwenyewe, katika kitabu chake cha safari kilichochapishwa kwa Kiingereza 1860, kwa hiyo tumsikilize tukijua tunasikia upande mmoja. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Julai mwaka huohuo akamzika mkewe, Rosina, pamoja na mtoto wao mchanga. Rebmann alipomfuata mwaka 1846, walitafuta mahali penye hewa nzuri kuliko kisiwani. Waliomba ruhusa kwa wazee wa Rabai, wakapewa. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa, na punda alikuwa mmoja, wakawa wanampanda kwa zamu kwenye mteremko mkali. Mmoja wa waumini wao wa kwanza alikuwa Mringe, mtu kilema.

Safari iliyozua kelele duniani ilianzia hapa. Mwisho wa Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai kuelekea nchi ya Wachaga, akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyezijua njia za bara, na wapagazi wachache. Rebmann mwenyewe silaha yake ilikuwa mwavuli. Asubuhi ya Mei 11 aliona kitu cheupe juu ya mlima Kilimanjaro. Alipomuuliza Bwana Kheri ni nini kile, akajibiwa kuwa ni baridi tu. Rebmann, mtoto wa nchi ya theluji, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Habari zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, alijitokeza William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Ramani yake ya bara aliichora mezani, kwa kulinganisha maandishi ya Wareno na maelezo ya Waarabu na Waswahili aliowahoji. Theluji karibu na ikweta? Aliikataa katakata. Mwaka 1852 alitoa kitabu akiwashambulia wamisionari, na kutilia shaka hata macho ya Rebmann. Krapf naye alikuwa ameshauona mlima Kenya kutoka Ukambani mnamo Desemba 1849, ukiwa na weupe uleule. Cooley akamjumuisha kwenye orodha ya waliodanganyika.

Ugomvi ulidumu zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1862 mvumbuzi Mjerumani, Baron Karl Klaus von der Decken, alipanda Kilimanjaro hadi kiasi cha mita 4,300, na usiku theluji ikamwangukia. Mtu mwingine angenyamaza. Cooley alimpongeza baron kwa kejeli, kwamba ana bahati sana kuangukiwa na theluji kwa wakati unaomfaa! Cooley alifariki 1883.  Rebmann alibaki kilimani hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata kwao Ujerumani.

Kinachonikera katika kisa hiki ni kwamba pande zote mbili zilibishana London juu ya jambo ambalo Bwana Kheri na Wachaga walilijua siku zote. Hata ramani maarufu ya 1856, yenye ziwa moja kubwa kupita kiasi katikati ya bara, Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt waliichora kwa maelezo ya wafanyabiashara wa misafara. Ramani hiyo iliwachochea wavumbuzi Waingereza Burton na Speke kufunga safari, na Januari 1857 walikwea Rabai kumwona Rebmann kwanza.

Theluji imeficha habari ambayo kwangu ni kubwa zaidi. Miaka ya 1880 Rabai ilikuwa kimbilio la watoro, watumwa waliokimbia mashamba ya pwani. Kituo kiliongozwa na William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India. Wenye watumwa walikuja juu, wakatishia kuwarudisha kwa nguvu. George Mackenzie wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki alilazimika kuwalipa fidia, na Januari 1, 1889 hati za uhuru zikaanza kutolewa kwa watoro waliokuwa kwenye vituo vya misheni. Walipita 1,400, na wengi wao walikuwa Rabai.

Baadaye reli ikapita mji jirani wa Mazeras, barabara kuu ikafuata, na kilima kikabaki kando. Makumbusho ya Krapf yapo, chini ya Makumbusho ya Taifa, na misitu mitatu ya kaya za Rabai ikaingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Hata hivyo mabasi ya watalii hukimbilia Diani na Malindi, na watoto wengi wa Mombasa wanamaliza shule bila kupanda huku, wakati Mazeras ni mwendo wa matatu tu. Kaunti ya Kilifi haina sababu ya kukosa kuweka kibao kimoja kinachomtaja Bwana Kheri na watoro wa 1889.

Ukitaka kuja, mwezi Agosti jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi, kwa hiyo toka Mombasa mapema. Mandhari ya nje ni ya kila mtu. Kaya ni mahali patakatifu: usiingie kabla ya kuomba ruhusa kwa wazee.