Michenzani: ghorofa bila ua

Leo naiweka Linux kando. Hapa Kericho tumezoea kambi za mashamba ya chai: safu za nyumba zinazofanana, mwajiri kachora, mchumaji kaingia. Nilidhani huo ni ubepari mtupu, mpaka nilipofika Unguja nikaona kazi ya wasoshalisti.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Ujerumani Mashariki iliisaidia Zanzibar kujenga nyumba za kisasa, kwanza Kikwajuni na Kilimani. Karume akataka Ng'ambo yote ibadilike. Mpango wa mji wa 1968, uliochorwa na Mjerumani Hubert Scholz, ukafuatwa na maghorofa ya Michenzani, marefu ajabu, yamepangwa kando ya barabara mbili zinazokutana. Karume aliuawa Aprili 1972, ujenzi ukaendelea.

Kilichonivutia ni ndani. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele kwa wageni, na ua nyuma: hapo ndipo wanawake hupika, hufua, huanika na kuzungumza bila kuonwa na wapita njia. Fleti iliukata ua huo vipande vipande. Jiko likawa chumba, kamba ya nguo ikahamia kwenye roshani, mbele ya macho ya mji mzima. Maji nayo yakagoma kupanda, ndoo zikapandishwa kwa ngazi. (Sisi wa programu tunalijua kosa hili: mtumiaji hakuulizwa!)

Baraza lakini halikukubali kufa. Lilishuka chini: Maskani ya Kisonge, maarufu kwa ubao wake wa siasa, iko hapo hapo Michenzani.