Malaya Alikuwa na Mlango

Neno malaya tunarushiana kwa komenti kama mawe. Lakini Nairobi ya mkoloni neno hilo lilikuwa na maana yake maalum, na ukiielewa utaona kwa nini sheria za intaneti za siku hizi zinanipa wasiwasi.

Niliacha chuo bila digrii, lakini vitabu sikuviacha. Kimoja ni The Comforts of Home cha 1990, cha Luise White, mwanahistoria Mmarekani. Miaka ya 1970 aliketi na akina shosho waliofanya biashara ya ngono Nairobi enzi hizo, wakamweleza kazi ilivyokuwa. Kulikuwa na aina tatu. Watembezi walitafuta wateja barabarani. Wazi-wazi walikaa nje ya milango yao, wakitaja bei bila aibu, na mteja akikataa kulipa, nduru inapigwa majirani waje. Malaya alikaa ndani ya chumba chake. Mwanaume alikuja mwenyewe, akapewa chai, maji ya kuoga, chakula na mahali pa kulala, na kila kitu kilikuwa na bei yake. Malaya alikuwa na mlango. Mwenye mlango anachagua wa kumfungulia.

Na wasee, pesa hizo zilijenga. Baadhi ya hao wanawake walikuwa na nyumba zao Pangani na Pumwani, wakipangisha vyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ikabomoa kijiji cha Pangani, watu wakahamishiwa Shauri Moyo, kwa nyumba zilizojengwa na serikali. Mlango ukaanza kutoka mikononi mwao.

Sheria nayo ikasukuma. Kanuni ya Adhabu ya 1930, ambayo bado tunaitumia, haisemi kwamba kuuza mwili kwenyewe ni kosa. Vifungu vya 153 hadi 156 vinaadhibu kuishi kwa mapato ya biashara hiyo na kuendesha danguro. Kwa karatasi, shabaha ni wanaowanyonya wanawake. Lakini hebu jiweke kwa viatu vya landlord: utampangishia nyumba ukijua kesi inaweza kukuangukia? Basi mwanamke anabaki barabarani, na huko sheria ndogo za jiji zinampa kanjo ruhusa ya kumkamata kwa kuzurura. Hivyo ndivyo Koinange Street ilipata sifa yake ya usiku. Mle, unaingia gari la mtu usiyemjua ndani ya sekunde chache, kwa sababu kanjo wako kona inayofuata.

Halafu simu ikaja, na mlango ukarudi. Dada wa Kawangware au Kilimani anaweza kuongea na mteja kabla ya kuonana, kukubaliana bei, kuuliza wenzake kama hiyo namba ni ya msumbufu, na kumwachia rafiki anwani ya mahali anakoenda.

Aprili 2018, Marekani ikapitisha sheria inayoitwa FOSTA-SESTA. Nia iliyotajwa ni kuzuia ulanguzi wa binadamu: tovuti ikisaidia biashara hiyo, mwenye tovuti atashtakiwa. Siku chache kabla Trump aisaini, serikali ilikuwa imeshaifunga Backpage, tovuti ya matangazo yenye kurasa za miji mingi duniani. Craigslist ikaondoa matangazo yake ya wapenzi Marekani kwa kuogopa. Na je, walanguzi? Mwaka 2021 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani iliripoti kwamba kosa jipya lililoundwa na sheria hiyo lilikuwa limetumika kwa kesi moja tu. Ripoti ikasema pia kwamba tovuti za aina hiyo zilihamia nchi nyingine, na wapelelezi wakapata ugumu zaidi kukusanya ushahidi.

Sasa rudi hapa kwetu. Oktoba 2025, Rais Ruto alisaini marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018. Kamati ya serikali ikapewa nguvu ya kuagiza tovuti ifungwe ikithibitishwa kwamba inaendeleza ugaidi, picha chafu za watoto, au “shughuli haramu”. Picha za watoto? Funga leo, hata usingoje kesho. Lakini “shughuli haramu” ni gunia kubwa. Kwa nchi ambayo chumba cha huyo dada kinaweza kuitwa danguro, tangazo lake linatosha humo vizuri sana.

Na sheria ya kumshika mlanguzi tunayo tayari, ya 2010. Adhabu yake si chini ya miaka 30 jela, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au zote mbili. Kinachohitajika ni mpelelezi wa kufuata namba za simu, pesa na matangazo, mpaka amfikie anayeuza watu. Ukifunga tovuti, hiyo njia umeifuta mwenyewe.

Mlanguzi akifungiwa tovuti moja, anahamia nyingine. Dada wa Kawangware anarudi Koinange Street saa sita usiku, na gari linasimama mbele yake. Safari hii hajui ni nani amelishika usukani.