Nyasi za Rweya

Tulipomaliza matanga ya Bibi, huko Kamachumu, wazee wa ukoo walikaa uani kugawa mali. Vilikuwa vitu vichache: nyumba ya bati ya vyumba vitatu, mbuzi wawili, na kibanja cha kama ekari moja na nusu. Haikuchukua hata saa nzima. Kibanja wakanipa mimi, mtoto wa kiume wa mtoto wake wa kwanza wa kiume, ninayeishi Dar es Salaam na ambaye sijawahi kukata mkungu hata mmoja. Shangazi, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika na kukaa na Bibi miaka 19, aliambiwa anaweza kuendelea kuishi pale mpaka Mungu atakapomchukua. Asiuze, wala asimrithishe mtu.

Nilisema asante. Shangazi hakusema kitu. Aliinuka, akachukua mundu na kamba, akaenda kukata nyasi.

Kwa asiyeijua Buhaya, kibanja si shamba tu. Ni migomba inayoizunguka nyumba, mibuni chini ya migomba, maharage katikati, na makaburi ya wazee pembeni. Ukisimama ndani yake, huoni udongo. Unakanyaga majani makavu ya migomba na nyasi zilizotandazwa, tabaka juu ya tabaka. Ukifukua kwa vidole unakuta udongo mweusi, laini, wenye minyoo. Ukitoka nje ya mpaka, hatua chache tu, unaingia rweya, uwanda wa nyasi ambako udongo ni hafifu na hata muhogo unasitasita.

Nikiwa mtoto niliamini Mungu alipanga hivyo: hapa ardhi nzuri, pale mbaya, na babu zetu wakachagua nzuri. Nilipoanza kusoma historia ya kwetu nikagundua nimeielewa kinyume. Mvua za upande huu wa Ziwa Victoria ni nyingi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka pale Bukoba, na kwa karne nyingi zimekuwa zikiosha rutuba na kuizamisha mbali na mizizi. Sehemu kubwa ya udongo wa kibanja ulianza maisha yake ukiwa kama ule wa rweya. Watu ndio waliougeuza. Ng'ombe walichungwa rweya mchana na kulala nyumbani usiku, samadi ikabaki kwenye migomba. Nyasi za rweya zilikatwa na kutandikwa sakafuni ndani ya msonge, watu wakakaa na kulala juu yake, na zilipochakaa zikatupwa kibanjani. Nyingine zilibebwa moja kwa moja kutoka uwandani hadi chini ya mgomba. Vizazi kwa vizazi, rutuba ya uwanda mzima ilihamishwa kwa mizigo hadi kwenye vipande vidogo vinavyozunguka nyumba.

Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi mno katika nchi za maziwa makuu, na Buhaya haikusalimika. Asiye na ng'ombe hakuwa na samadi. Alibaki na mundu na kichwa cha kubebea.

Kazi ya kwanza ya nyasi hizo, kama Shangazi alivyonifundisha wiki ile, ni kuyanyima magugu mwanga. Mbegu nyingi ndogo za magugu hazioti gizani. Ukitandaza nyasi kavu unene wa upana wa kiganja, kishona nguo na wenzake hufia chini kabla hawajainua kichwa. Mgomba una mizizi ya juujuu. Ukipalilia kwa jembe kila mwezi unaikata na kuuangusha mgomba wenyewe kwa upepo wa kwanza. Nyasi hupalilia bila kukata. Pia huzuia jua lisikaushe udongo na mvua isiuchukue, na zikioza huwa chakula.

Lakini si kila gugu linaogopa giza. Lumbugu, ile nyasi ya kutambaa, hujificha chini kwa mashina yake meupe na kutoboa tabaka lolote. Huyo hang'olewi kwa nyasi. Unapiga magoti, unafuata kila uzi kwa mkono, kwa maana kipande cha urefu wa kidole kikibaki kinaanza upya. Na karibu na shina la mgomba, Shangazi huacha nafasi tupu, kwa sababu fukusi wa migomba hupenda kujificha kwenye unyevu wa majani. Haya yote sikuyajua, mimi mwenye kibanja.

Kahawa ndiyo iliyokibadilisha kibanja kuwa fedha. Wahaya walikuwa wakitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa tangu kabla ya ukoloni, lakini chini ya Waingereza, hasa kuanzia miaka ya 1920, kahawa ya Bukoba iliuzwa kwa wingi, ikajenga nyumba za bati na kulipa ada za shule. Mwaka 1937 kanuni za serikali kuhusu utunzaji wa mibuni zilizusha ghasia, kwa sababu kila mtu alijua sasa kilichomo ndani ya kibanja. Wenye fedha waliajiri vibarua kutoka Rwanda na Burundi. Wasio nazo, kama nyumba ya Bibi, waliendelea na mikono ya wanawake wao. Kwetu wanaume walipogoa mibuni, wakauza kahawa, wakapokea fedha. Wanawake walipalilia, wakapanda maharage na kubeba nyasi.

Mwaka 1945 Hans Cory na M. M. Hartnoll walichapisha kitabu cha sheria za mila za Wahaya. Kilichokuwa kikisemwa na wazee kikawa maandishi, na mwaka 1963 serikali ya nchi iliyokuwa huru ilitangaza sheria za mila za urithi zenye sura ileile: mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuiuza. Ni maneno yaleyale, karibu neno kwa neno, niliyoyasikia uani kwetu.

Yameshapingwa mahakamani. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi ardhi kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988, akiwa mzee asiye na wa kumtunza, akaiuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akashtaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo inakwenda kinyume na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Miaka tisa baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikaweka haki sawa kwenye ardhi ya kimila. Kikao chetu kilifanyika kana kwamba hakuna lililotokea baada ya 1963.

Ukimwi ulipoonekana Kagera, mwaka 1983, mikono ya kubeba nyasi ilianza kupungua. Bibi alizika watoto wawili. Vibanja vya majirani vilimezwa na magugu ndani ya misimu michache, na hapo ndipo unaona kwamba udongo mweusi si mali ya kudumu. Kibanja chetu hakikumezwa. Nilipiga hesabu: hata kama Shangazi alibeba mizigo miwili tu kila Jumamosi, kwa miaka 19 ni karibu mizigo 2,000. Ardhi niliyorithi, ile tabaka ya juu ambayo ndiyo thamani yenyewe, kwa sehemu kubwa imepita kichwani kwake.

Nilimfuata rweya siku ya mwisho kabla ya kuondoka. Tulitembea karibu saa nzima. Sehemu alizokuwa akikata zamani zimegawiwa watu na kupandwa misonobari na mikaratusi, na chini ya miti hiyo hakuna nyasi za kukata. Baba Mdogo ana suluhisho: tununue dawa ya magugu, au tutandaze nailoni nyeusi kama alivyoona kwenye bustani za mboga mjini. Nailoni itazuia magugu kweli. Lakini haiozi ikawa udongo.

Nilibeba mzigo mmoja. Nilipumzika mara nne, Shangazi akisubiri na wake kichwani.

Nikiwa Dar nilimpigia simu kumwambia nataka twende ofisi ya kijiji tuombe hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina yetu wawili, lake likitangulia. Nilimwambia pia kwamba Baba Mdogo ameshasema ninautukana ukoo. Alikaa kimya kidogo.

"Andika," alisema. "Halafu uje Desemba. Upande wa makaburini lumbugu imeshaingia."