Madume Saba Waliookoa Simba wa Ngorongoro

Ukame mkali wa mwaka 1961 ulifuatwa na mvua kubwa, na mvua hizo zikaleta nzi. Hawakuwa nzi wa jikoni. Walikuwa wale wa mazizini wanaouma na kunyonya damu, na mwaka 1962 walijaa ndani ya Kreta ya Ngorongoro kwa wingi wa kutisha. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mhifadhi wa Ngorongoro wakati huo, aliandika habari za janga hilo. Simba walitapakaa vidonda, wakakonda, wakashindwa kuwinda. Wengine walipanda miti, wengine wakaingia katika mashimo ya fisi ili kuwakimbia wadudu hao. Kabla ya hapo kreta ilikuwa na simba kati ya 60 na 75. Waliobaki walikuwa kama 10 tu: majike 9 na dume 1.

Kwa mtu wa Karatu, awe wa Daa, Oldeani au Rhotia, Ngorongoro ni msitu ulio juu ya mashamba ya ngano, mahindi na kahawa. Nyuma ya msitu huo ardhi inaporomoka karibu mita 600 hadi kwenye uwanda wa takriban kilomita za mraba 250, wenye maji na nyumbu na pundamilia mwaka mzima. Simba aliyezaliwa humo hana haja ya kutoka, na wa nje si rahisi aingie. Ndiyo maana watafiti huwahesabu simba hao kama viumbe wa kisiwani, ingawa bahari iko mbali.

Na kisiwa chochote huishi kwa wageni. Katika pwani yetu matumbawe hayatembei, lakini watoto wake wachanga huelea majini kwa siku au majuma, wakisukumwa na mkondo unaopanda kaskazini kutoka upande wa Mafia kuelekea Unguja na Pemba. Mwamba uliokufa unaweza kupata uhai mpya kutoka mwamba wa mbali. Simba hana mkondo wa kumbeba. Kazi hiyo huifanya madume vijana, ambao wakifika miaka miwili hadi minne hufukuzwa katika kundi walikozaliwa, wakatangatanga kutafuta majike na himaya.

Mwaka 1964 na 1965 madume 7 wa namna hiyo waliingia kretani kutoka nje. Nadhani hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia ya simba wa Ngorongoro, nalo halitajwi sana. Kufikia mwaka 1975 simba walikuwa wamefika kati ya 75 na 125.

Tunalijua hilo kwa sababu ya picha. Vidoa vya kwenye mashina ya sharubu hutofautiana kwa kila simba, hivyo watafiti Craig Packer, Anne Pusey na wenzao walikusanya picha za watalii tangu miaka ya 1960 na kuunganisha ukoo mzima, nani kamzaa nani. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1991, yalionyesha kwamba simba wote wa kretani walitokana na wazazi 15 tu. Baada ya wale 7, hakuna dume mwingine wa nje aliyefanikiwa kuacha damu yake humo kwa zaidi ya miaka 20. Miaka minne kabla ya matokeo hayo kuchapishwa, uchunguzi mwingine ulikuwa umeshaonyesha kwamba vinasaba vya simba wa kretani vina tofauti ndogo kuliko vya wenzao wa Serengeti, na mbegu za madume wao zina kasoro nyingi zaidi.

Kisha maradhi yakarudi. Bernard Kissui, mtafiti wa Kitanzania, akiandika na Packer mwaka 2004, alitaja vifo vya wingi vya mwaka 1962, 1994, 1997 na 2001. Mara ya mwisho ukame ulitangulia tena, kisha zikaja homa za kupe na virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa. Kuwalaumu wazazi 15 peke yao kwa vifo vyote hivyo itakuwa kuonea. Hali ya hewa na magonjwa vimefanya kazi yao. Lakini watu wa ukoo mmoja hushikwa na udhaifu mmoja.

Kwa nini wageni waliacha kuja? Ndani, madume wenyeji waliongezeka, nao hukaa kwa miungano inayowafukuza wageni. Nje, upande wa Karatu mashamba yamefika hadi ukingoni mwa msitu. Njia iliyobaki ni ya magharibi, kutoka Ndutu na Serengeti, ikipita katikati ya maboma ya Wamaasai, na humo dume kijana anayekamata ng'ombe hukutana na mikuki.

Njia hiyo ndiyo inayofanyiwa kazi na KopeLion, shirika lililoanzishwa mwaka 2011. Vijana wa jamii za wafugaji wameajiriwa kuwa ilchokuti, walinzi wa simba. Hufuata nyayo, huwaonya wachungaji simba anapokaribia, hutafuta ng'ombe waliopotea kabla giza halijaingia na hutibu majeraha ya mifugo. Wakati mwingine huwazuia wenzao wasiende kulipiza kisasi. Fedha nyingi za uhifadhi wa Ngorongoro hutokana na watalii wanaoshuka kretani kuwaona simba. Ingekuwa haki sehemu kubwa zaidi ya fedha hizo impate mwenye boma ambaye dume kijana alipita kwake usiku akaachwa aende zake.